Safari ya Pikipiki Kupitia Milimani Hadi Kwenye Tamasha: Mwongozo Kamili

Tamasha la waendesha pikipiki lina siku yake na saa yake ya kufunguliwa. Mlima hauijui ratiba hiyo. Shida nyingi nilizoziona kwenye njia za kuelekea matamasha zilianzia hapo: mtu kachelewa kuondoka, wenzake wameshafika na wanampigia simu, basi anaingia kwenye kona kama anayefukuzwa. Ufundi wote utakaousoma hapa chini unafanya kazi kwa mtu asiye na haraka. Mwenye haraka atausahau wote kwenye kona ya tatu.

Kwa hiyo tunaanzia kwenye muda.

Hatua ya 1: Panga kwa saa, usipange kwa kilomita

Kwenye tambarare, kilomita 400 kwa siku ni safari ya kawaida. Mlimani hesabu hiyo haifai. Chukulia kuwa, ukijumlisha kusimama, kupumzika, kukaa nyuma ya malori na kupiga picha, utapata wastani wa kilomita 40 kwa saa, na ukipata zaidi ni bahati yako. Mfano mzuri ni njia ya Stelvio nchini Italia. Kutoka kijiji cha Prato hadi kileleni ni kilomita kama 24 tu, lakini ndani yake kuna kona 48 zinazokugeuza karibu kabisa ulikotoka, na unapanda zaidi ya mita 1,800 kufika kwenye kimo cha mita 2,757. Ukiitazama kwenye ramani unadhani ni mwendo wa robo saa.

Gawa siku hivi: ondoka alfajiri, hakikisha sehemu ya juu kabisa ya njia umeivuka kabla ya saa sita mchana, na alasiri iwe ya mabondeni. Sababu ni hali ya hewa. Jua likipasha miteremko, hewa yenye unyevu hupanda, na kufikia alasiri mawingu ya radi yanakuwa yamejikusanya juu ya vilele. Asubuhi anga ni safi, saa nane mchana mvua ya mawe. Wakazi wa milimani wanalijua hilo tangu utoto.

Weka siku moja ya akiba kabla ya tamasha, siku isiyo na kazi yoyote. Njia ikifungwa kwa maporomoko ya udongo, mwenzenu akipata pancha mbili, au mvua ikigoma kukatika, siku hiyo ndiyo itakayokuwezesha kusema "tulale hapa" bila moyo kukuuma. Usipoihitaji, utafika mapema na kuchagua mahali pazuri pa kupiga hema.

Kabla ya kuondoka, uliza mamlaka ya barabara kama njia iko wazi. Barabara nyingi za juu hufungwa majira ya baridi, na theluji haifuati kalenda: kwenye barabara ya Beartooth huko Marekani, inayofika mita 3,337, theluji inaweza kuanguka hata katikati ya kiangazi. Nyingine hufungwa usiku. Pakua ramani kwenye simu ili isitegemee mtandao, maana mabondeni mtandao hupotea, kisha andika majina ya miji ya njiani kwenye karatasi ndogo uibandike juu ya tanki.

Kuhusu petroli, kanuni ni moja: tanki likifika nusu, jaza kwenye kituo kinachofuata. Pikipiki yenye mzigo ikipanda hula mafuta kuliko unavyoijua kwenye safari zako za kila siku. Mkiwa kundi, mwenye tanki dogo ndiye anayepanga vituo vya wote.

Hatua ya 2: Kagua pikipiki wiki mbili kabla

Wiki mbili, si usiku wa kuamkia safari. Tairi jipya lina utelezi juu yake unaohitaji kilomita 150 hivi za mwendo wa upole ili uishe. Pedi mpya za breki nazo hazishiki vizuri hadi zizoeane na diski. Na fundi akiwa amesahau kukaza nati, ni afadhali uigundue karibu na nyumbani.

Anza na breki. Chuchumaa, washa tochi ya simu, mulika ndani ya kishikio cha breki ya mbele. Utaona pedi mbili zimeibana diski. Kinachokuhusu ni ile nyama ya pedi, siyo bati la nyuma yake. Ikibaki milimita 2 au chini, badilisha, hata kama fundi anakwambia bado inakwenda. Mteremko mmoja mrefu unaweza kula kilichobaki. Rudia kwa pedi za nyuma, ambazo watu wengi huzisahau kwa sababu zimejificha.

Kisha mafuta ya breki. Haya hunyonya unyevu wa hewani polepole, na unyevu huo hushusha kiwango chake cha kuchemka. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 hayachemki chini ya nyuzi 230 za selsiasi, lakini yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kuanzia nyuzi 155. Breki za mteremkoni hufikia joto hilo. Yakichemka hutoa mapovu, mapovu hubonyea, na wenzo wa breki unakuja hadi kwenye usukani bila kushika kitu. Kama hujayabadilisha kwa miaka miwili, au yamegeuka rangi ya chai, yabadilishe kabla ya safari hii.

Matairi: pima upepo yakiwa ya baridi, na ufuate kiwango cha mtengenezaji cha pikipiki yenye mzigo, maana ni tofauti na kile cha mtu mmoja. Angalia umri pia. Ubavuni kuna tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno mazuri lakini limekakamaa kwa uzee litakuteleza kwenye lami ya baridi.

Mnyororo uwe na ulegevu unaotajwa kwenye kitabu cha pikipiki yako. Kwa nyingi ni kati ya milimita 25 na 35. Ukikaza sana, siku utakapopakia mzigo na shokamzoba zikashuka, mnyororo utavutika kupita kiasi. Waya wa klachi uangalie mwisho wake pale kwenye wenzo, kwani hapo ndipo nyuzi huanza kukatika moja moja.

Jambo moja zaidi kuhusu injini. Kwenye mita 3,000, mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 70 ya ule wa pwani, na injini isiyo na turbo hubaki na karibu asilimia hiyohiyo ya nguvu zake. Pikipiki ya kabureta itakohoa na kutoa moshi mweusi kwa sababu petroli inazidi hewa. Usianze kubadilisha jeti (kitundu kinachopitisha petroli kwenye kabureta) kwa ajili ya kilele cha saa moja. Shuka gia na uende taratibu. Pikipiki ya injekta hurekebisha mchanganyiko yenyewe, lakini nguvu iliyopotea hairudishi. Kwa hiyo nafasi ya kulipita lori inayokutosha bondeni, huko juu haitoshi.

Hatua ya 3: Mzigo

Vizito vikae chini na karibu na kiti: spana, maji, vyakula. Vyepesi kama godoro la kulalia ndivyo vikae juu nyuma. Ukirundika vizito nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, gurudumu la mbele litakuwa jepesi unapopanda, na usukani utaanza kucheza mikononi. Tumia mikanda yenye buckle badala ya mipira yenye ndoano, ambayo hulegea na ikidondoka huenda moja kwa moja kwenye mnyororo. Baada ya kilomita 20 za kwanza simama, kaza tena.

Vifaa vya pancha vilingane na matairi yako: yenye tyubu yanahitaji tyubu ya akiba na vyuma vya kufungulia tairi, yasiyo na tyubu yanahitaji vizibo na pampu. Ongeza spana za pikipiki yako mwenyewe, fyuzi, kiungo cha mnyororo, waya wa klachi, tepu, tochi ya kichwani na vifaa vya huduma ya kwanza. Na fanya zoezi la kuziba pancha nyumbani walau mara moja.

Hatua ya 4: Mavazi

Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5. Ukiondoka chini kwenye nyuzi 30 na kupanda mita 2,500, utakuta kama nyuzi 14, na upepo wa mwendo unaifanya ngozi ihisi baridi zaidi ya hapo. Ukiloana ni hatari kweli.

Baridi huanza na vidole. Mwangalie mwenzako mkifika kileleni: akivua glavu na kuhangaika na kifungo cha helmeti, kidole kinateleza, anajaribu tena, anacheka kidogo na kuomba afunguliwe, huyo hayuko tayari kuteremka. Vidole vilivyoshindwa kufungua kifungo havitaibana breki kwa wakati wala kwa kipimo. Mpeni kitu cha moto anywe, akae ndani, arudiwe na mikono yake kwanza.

Vaa nguo nyepesi kadhaa juu ya nyingine badala ya koti moja zito. Koti la mvua livae kabla mvua haijakufikia. Beba glavu jozi mbili, moja ikiwa kavu ndani ya mfuko wa plastiki. Na weka vizibo vya masikio. Kelele za upepo ndani ya helmeti huchosha akili taratibu, nawe usijue kwa nini kufikia jioni unakosea vitu vidogo.

Hatua ya 5: Kona

Hapa ndipo safari ilipo, na ndipo ninapokuomba usome polepole.

Kazi yote ya kupunguza mwendo imalizike kabla hujaanza kuinama. Breki, gia, kisha macho. Ukiingia na mwendo mdogo kuliko ulioweza, utaongeza mafuta ukitoka na hutapoteza chochote. Ukiingia na mwendo mkubwa kuliko ulioweza, chaguo zako zimekwisha.

Pikipiki hufuata macho. Ukitazama kingo za barabara, utaenda kwenye kingo. Geuza kichwa, kidevu kielekee pale unapotaka kutokea, na kadiri kona inavyofunguka sogeza macho mbele. Kona ikikaza zaidi ya ulivyotarajia, usishtuke ukabana breki ya mbele: sukuma mpini wa usukani wa upande unaokwenda, pikipiki italala zaidi na kukunja. Mara nyingi tairi lina uwezo uliobaki kuliko ujasiri wa dereva.

Usikimbilie kuikata kona ndani. Kaa nje ya njia yako, subiri hadi uione sehemu ya kutokea, ndipo uingie ndani. Ukiikata mapema utatupwa nje mwishoni, na nje kuna gari linalokuja au hakuna kitu kabisa. Kumbuka pia kuwa ukiinama, kichwa chako hutangulia ng'ambo ya mstari wa kati hata kama matairi yako upande wako. Waendesha pikipiki hugongwa hivyo.

Sasa zile kona za kugeuka kabisa. Ukiikaribia, inua macho uangalie sehemu ya barabara iliyo juu yako: kuna basi? Basi refu linahitaji barabara yote, kwa hiyo lisubiri wewe ukiwa chini hadi limalize. Gia ya kwanza au ya pili, uiweke mapema. Ingia kutokea nje, kwa sababu upande wa ndani una mwinuko mkali zaidi na ndiko kokoto hukusanyika. Mafuta yawe kidogo lakini yasikatike, klachi ikiponyoka kidogo kama mwendo ni mdogo mno, na mguu uguse breki ya nyuma kwa upole kuituliza pikipiki. Vidole vya breki ya mbele viondoe. Usukani ukiwa umekunjwa na mwendo ni wa kutembea kwa miguu, mguso mdogo wa breki hiyo unaiangusha pikipiki papo hapo. Kichwa kigeuke kabisa, utazame juu ya bega lako kule barabara inakoelekea. Itakuja yenyewe.

Zoezi hili lifanye uwanjani, pikipiki ikiwa na mzigo wake wote, kabla ya kuondoka.

Hatua ya 6: Kuteremka

Watu huogopa kupanda. Kuteremka ndiko kugumu: uzito umekuja mbele, mvuto unaongeza mwendo, mikono imechoka, na akili inaamini kazi imekwisha.

Chagua gia kabla mteremko haujaanza, na kwa kawaida ni ileile ambayo ungeipandia. Injini ikushike. Usiteremke frii wala klachi ikiwa imebanwa, hata kama unataka kuokoa petroli. Breki zitumie kwa kubana imara, kupunguza mwendo, kisha kuachia ili zipoe. Anayezigusa kidogo muda wote ndiye anayezichemsha. Tumia ya mbele na ya nyuma pamoja, ukijua kuwa ya nyuma itafunga gurudumu kirahisi kwa vile uzito umeondoka huko.

Wenzo ukianza kuwa laini, au ukisikia harufu ya kuungua, simama mahali salama na upumzike nusu saa. Usimwagie maji diski yenye moto, inaweza kupinda. Mwenye pikipiki ya injini ya mipigo miwili inayolainishwa na oili iliyochanganywa na petroli avute mafuta kidogo mara kwa mara, maana ukifunga kabisa kwenye mteremko mrefu injini inakosa oili.

Kwenye barabara nyembamba, nchi nyingi zinampa kipaumbele anayepanda. Simama umpishe.

Hatua ya 7: Msafara

Pikipiki tano au sita zinatosha kwa kundi moja. Mkiwa wengi gawanyikeni. Kwenye barabara iliyonyooka pangeni kwa kupishana, mmoja kushoto mwingine kulia, kila mtu akiacha sekunde mbili nyuma ya aliye mbele yake moja kwa moja. Kwenye kona mstari uwe mmoja na nafasi iongezeke.

Asiye mzoefu akae wa pili, nyuma ya kiongozi, ili mwendo wake uwe mwendo wa wote. Akiwekwa nyuma atakimbiza. Anayefunga msafara awe mzoefu, mwenye spana na vifaa vya huduma ya kwanza.

Njia panda zisiwe sababu ya kukimbizana. Utaratibu mzuri ni huu: kiongozi akikata kona, wa pili husimama mahali salama pa kuonekana na kuelekeza wengine, hadi amwone wa mwisho, kisha huingia mbele ya huyo wa mwisho. Kwa njia hiyo kila mtu aende mwendo wake bila hofu ya kupotea. Na mwenzako akilipita lori, hajakuhakikishia kwamba nawe una nafasi. Jiangalizie mwenyewe.

Hatua ya 8: Hali ya hewa ikibadilika

Dakika za mwanzo za mvua ndizo zenye utelezi mwingi, oili na vumbi vikiwa bado juu ya lami. Epuka mistari iliyopakwa rangi na vifuniko vya chuma. Sehemu zenye kivuli huhifadhi maji, ukoga na barafu hata jua likiwaka.

Radi ikiwa karibu, shuka kutoka kwenye tuta la mlima, usisimame chini ya mti uliojitenga, na uingie kwenye jengo au gari. Mpira wa matairi ya pikipiki haukukingi.

Juu ya mita 2,500 watu wengine huumwa kichwa na kichefuchefu kwa upungufu wa oksijeni. Kuvuka kwa saa moja kwa kawaida hakuna neno. Kulala huko ndiko kunakotaka tahadhari. Dawa yake ni kushuka.

Hatua ya 9: Kufika

Kilomita 30 za mwisho zinahitaji umakini kuliko unavyodhani. Tamasha la Sturgis huko South Dakota, Marekani, lililoanza mwaka 1938 na ambalo siku hizi hufanyika kila Agosti, huujaza mji wa watu wapatao 7,000 kwa wageni mamia ya maelfu. Hata tamasha dogo lina foleni, watembea kwa miguu wanaotazama pikipiki badala ya barabara, na madereva waliochoka kama wewe. Simama kabla ya kuingia mjini, unywe maji, unyooshe mgongo. Injini inayopozwa kwa hewa izime foleni ikigoma.

Mahali pa kulala pawe pameshapatikana wiki nyingi kabla. Kwenye nyasi weka kibao au bati chini ya stendi, vinginevyo pikipiki italala yenyewe usiku mvua ikinyesha. Paki ikitazama kutokea, gia ikiwa ya kwanza, na upige picha ya mahali ulipoiacha. Ukionja pombe, funguo ziingie kwenye begi hadi kesho, hata kama hema liko mita mia mbili tu.

Hatua ya 10: Kurudi

Ni mlima uleule, na nyote mna usingizi wa siku kadhaa. Usiondoke asubuhi inayofuata usiku wa mwisho wa tamasha kama hukulala. Ondoka kesho yake, au lala mapema usiku huo na uwaache wengine wakeshe. Pima upepo tena, angalia pedi tena, kaza mikanda ya mzigo. Na kila jioni ya safari, baada ya mvua hasa, paka mnyororo oili ukiwa bado na joto, ili ipate usiku mzima wa kuingia kwenye viungo kabla hujaondoka asubuhi.